Tulifunga Maji, Tukafungua Maziwa

Nyinyi mnaokata mawe ya jikoni huko Kabiria, Satellite na kando ya barabara ya kwenda Karen, najua mnanicheka. Nikipita nje ya karakana zenu nikasimama kidogo kushika pumzi, mnasema, "Fundi Makokha ameanza tena kuhesabu magari." Chekeni. Mimi pia nilicheka watu, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu, kwa sababu wakati huo pumzi ya kuchekea nilikuwa nayo.

Watu huniuliza imekuwaje nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu, kama mchezaji wa mpira. Kanisani kwetu mzee mmoja alinishika mkono akanipongeza, "Umestaafu mapema, ndugu, Mungu amekuinua." Aliyeniinua ni Nafula, mke wangu, siku niliyokaa kwenye ngazi za ploti tunayoishi nikashindwa kuzimaliza. Alinishika chini ya kwapa kama anayebeba gunia la viazi na kuniuliza kama nimelewa. Ningefurahi kama ningekuwa nimelewa.

Mambo yenyewe ni haya, na nayasema mapema ili msiniache njiani. Mapafu yangu yana makovu. Yaliyopo hayatoki. Kinachowezekana ni kuyazuia yasizidi. Kila baada ya miezi kadhaa naenda hospitali, napuliza kwenye mashine, mashine inatoa nambari. Nambari ikisimama pale pale, mimi naendelea na maisha yangu. Ilishashuka mara mbili. Ikishuka tena, daktari amesema, tutaanza kuzungumza habari ya mtungi wa oksijeni. Sasa mimi ni mtu wa kutembea. Tangu nifike Nairobi sijawahi kukaa Jumapili nzima mahali pamoja. Nafula anasema mtungi una faida yake, angalau atakuwa anajua niko wapi.

Turudi kwenye kazi, maana ndiko makovu yalikotoka, ama sehemu yake kubwa.

Aliyenifundisha kukata jiwe anaitwa Luvai, Mmaragoli mfupi mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nilimkuta katika karakana ya Mama Shiko, Kabiria, nilipomaliza kidato cha nne na kugundua kwamba Nairobi haikuwa imeniwekea kiti. Luvai alikata granaiti akiwa amevaa gambuti, aproni ya plastiki hadi magotini, na maski iliyokaza usoni hadi ikamwachia alama kwenye mashavu. Juu ya kichwa chake alining'iniza mtungi uliotobolewa chini, na mpira mwembamba ukateremka hadi kwenye grainda ya kukatia, maji yakidondokea diski kila inapogusa jiwe. Miguuni kwake tope la kijivu lilijaa siku nzima. Tulimwita Muuza Samaki.

"Muuza Samaki, leo kuna omena?" tulimwuliza kila asubuhi.

"Omena ni nyinyi," alijibu. "Mmekauka na mnanuka."

Alinifundisha kuisikiliza diski. Ikipata maji, inanguruma kwa sauti nene, kama mtu anayekoroma bila deni la usingizi. Ikikauka inapiga yowe, na moshi mweupe unapanda. Ule si moshi. Ni jiwe lenyewe, limesagwa likawa laini kuliko unga wa chapati, na lile usiloliona ndilo baya zaidi. Luvai hakujua habari hizo kwa jina lolote la kitaalamu. Alikuwa ameona tu mafundi wa zamani aliofanya nao kazi ya machimbo wakirudi kwao wakiwa wamekonda, na akaamua kwamba yeye atarudi akiwa na tumbo. Alisema, "Jiwe kavu sikati. Litafutieni mwendawazimu mwingine."

Mwendawazimu mwingine nilikuwa mimi.

Ilianza Julai moja, na Julai ya Nairobi mnaijua, ile ya jua kuripoti kazini saa nane mchana na kuondoka saa tisa. Nilikuwa nakata kwa maji kama nilivyofundishwa. Maji baridi yaliponirukia mikononi, vidole viligeuka vyeupe pe, kama chaki, kutoka kwenye kucha hadi kiungo cha pili. Havikuwa na hisia. Nilivitazama kama vidole vya mtu mwingine vilivyosahaulika mkononi mwangu. Baadaye vikawa samawati, kisha vyekundu, na hapo ndipo vilipouma, maumivu ya kukanyagwa na gambuti.

Nilipata matabibu wengi siku hiyo hiyo. Mama Shiko aliniambia damu yangu ni chache, nile maini. Jirani yangu wa ploti aliniambia nimerogwa na mtu wa kwetu anayeonea wivu kazi yangu, na nilipoitazama kazi yangu nikamhurumia mchawi. Luvai aliniambia niende hospitali. Kwa kuwa ndiye pekee aliyesema la maana, ndiye pekee ambaye sikumsikiliza.

Badala yake nilifunga maji.

Muujiza huo! Vidole vilitulia. Tena bila maji unaona mstari wa penseli vizuri, hakuna tope, hakuna kubadilisha viatu, na jiwe linakwisha haraka. Nilikata kaunta mbili wakati Luvai anamaliza moja. Mama Shiko alitoka ofisini kwake kunitazama, mikono imekunjwa kifuani, akiwa na furaha ya mtu aliyepata punda anayekunywa upepo.

"Haki ya Mungu, Makokha anakata jiwe kama mkate! Luvai, unaona? Ama wewe unaosha hayo mawe uyapeleke kanisani?"

Nimweleze Mama Shiko, maana mtamwona tena. Ni Mkikuyu wa hapo hapo, aliyezaliwa Dagoretti kabla barabara hazijajua lami, na ile ploti ya karakana ilikuwa shamba la sukuma wiki la mama yake. Mwili mkubwa, ulimi mkali, kofia ya sufi kichwani Januari hadi Desemba. Si mtu mbaya. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka. Lakini kununua maski aliona kama kununua mwavuli wa samaki. Ilikuwepo moja, imetundikwa kwenye msumari mlangoni, na mteja mzito akija tulipokezana kuivaa. Tuliivalia kidevuni, ili tuweze kusalimia.

Kilichokuwepo kwa wingi ni maziwa. Kila jioni, bila kukosa, Mama Shiko aligawa pakiti ya maziwa kwa kila fundi. Maziwa yanaosha kifua. Hilo kila mtu Kabiria analijua, na nyinyi pia mnalijua, msijifanye, nimeona pakiti tupu nje ya milango yenu. Maziwa yanashuka, yanakusanya vumbi, yanaondoka nalo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yanafikaje kwenye mapafu. Mimi nilisoma bayolojia hadi kidato cha nne. Nilichora bomba la hewa na bomba la chakula kwa penseli, mabomba mawili mbalimbali, nikapewa alama zangu. Nikaja Kabiria nikayaunganisha.

Basi tukawa hivyo: tunakata kavu, tunakuwa weupe kama waoka mikate, tunapiga makofi nguo zitoe vumbi ili tulivute mara ya pili, tunakunywa maziwa, halafu tunatoka nje kuvuta sigara. Nje, jamani. Kwa heshima ya hewa safi.

Luvai aliondoka mwaka huo. Aliuacha mtungi wake wenye tundu nyuma ya choo, akaenda kufungua kibanda chake Satellite. Hakuaga kwa maneno mengi. "Makokha," alisema, "nyinyi Wabukusu mnaharakisha kila kitu isipokuwa kuamka."

Nikabaki mfalme. Na ufalme ulinifikisha Karen.

Mkitaka kujua uzito wa fundi Nairobi, nendeni mkatengeneze jiko Karen. Kuna nyumba moja, jiko lake lingetosha kanisa letu na shule ya Jumapili. Jiwe lilikuwa limezidi kidogo kwenye kona ya sinki, ikabidi tulirekebishe pale pale ndani. Mama mwenye nyumba alikuwa mpole sana. Alisema "tafadhali" mara nyingi kuliko nilivyowahi kuambiwa maishani. Tafadhali fungeni madirisha, vumbi lisitoke kwenye maua. Tafadhali fungeni mlango wa ukumbini. Halafu akamwona mbwa wake amelala kando ya jokofu, akashtuka kweli kweli. Akamwita msichana wa kazi, "Mtoe haraka, hii vumbi itamharibu kifua. Daktari wake alisema ako na shida ya kupumua."

Mbwa akabebwa mikononi akapelekwa juu. Alipopita karibu nami tulitazamana. Sitasahau uso wa yule mbwa. Alionekana kunisikitikia. Kisha mlango ukafungwa, mimi na wenzangu tukawasha grainda ndani ya jiko lililozibwa pande zote, na tulipotoka nje hatukutambuana.

Nilihadithia kisa hicho kwa miaka, watu wakishika mbavu. Ilikuwa hadithi yangu bora. Sasa nikiihadithia lazima nipumzike katikati, na mbwa anapata muda mrefu zaidi wa kutoka.

Ugonjwa wenyewe haukuja kwa haraka. Ngozi ya vidole ilianza kukaza, pete ya ndoa ikagoma kutoka. Nafula akadhani hatimaye nimekuwa mwaminifu. Kiungulia kilinipanda kila usiku nikilala, nikakituliza kwa pakiti ya pili ya maziwa. Kikohozi kikavu kikaja kikakaa. Halafu kile kilima cha kutoka mtoni kuja kwetu, ambacho nilikipanda nikipiga mluzi, kikaanza kurefuka.

Kliniki za mtaa zilinihudumia kwa moyo. Nilitibiwa taifodi, kwa sababu Nairobi ukiingia kliniki bila taifodi wanakuazima. Nilitibiwa nimonia, halafu nimonia ile ile tena. Nilipimwa kifua kikuu, hakikuwepo, na mhudumu alionekana kuhuzunika kwa niaba yangu. Nilikunywa sharubati za kikohozi za kila rangi. Mtu mmoja karibu na steji ya matatu alinipa mizizi. Hayo yote yalichukua muda, na muda huo, nilikuja kuambiwa, ndio uliokuwa ghali zaidi.

Nilipofika kwa daktari mwenyewe, katika hospitali kubwa, nilikuta dada mdogo wa miaka ya thelathini, mwenye raba za michezo. Nilikuja na kifua, yeye akataka vidole.

"Baba, hivi vidole hugeuka vyeupe ukishika kitu baridi?"

"Tangu zamani. Lakini nimekuja kwa ajili ya kifua."

"Ni safari moja," alisema. "Ulipanda gari moja, likasimama steji mbili, vidoleni na kifuani."

Akanieleza. Kinga ya mwili wangu, ile inayopaswa kupigana na wadudu, imechanganyikiwa inanipiga mimi. Inapiga zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, viungo, mishipa, bomba la chakula na mapafu. Ugonjwa wangu unaitwa skleroderma. Una ndugu zake katika ukoo wa magonjwa ya tishu unganishi, kama ile baridi yabisi ya kuvimba viungo na lupasi. Ukoo mkubwa kama wa kwetu, ila huu haufanyi harambee. Si kila mwenye ugonjwa huu anaharibika mapafu, na kati ya wanaoharibika, wengine hukaa vile vile miaka mingi, wengine huteremka mbio. Alitaka kujua mimi nina mambo mangapi ya kuniteremsha. Akaanza kuuliza, nami nikajibu kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha.

Umewahi kuvuta sigara? Nimewahi, na jana pia. Kazi yako ina vumbi? Nikamwambia nakata granaiti, akaiweka kalamu chini. Kwa maji? Kavu. Nyumbani mnapika na nini? Makaa, chumba kimoja. Una kiungulia usiku? Ninacho, mpaka kina mto wake. Ulianza kukosa pumzi lini? Nikamwambia, akahesabu kimya, na nikaona usoni mwake kwamba nimechelewa. Nimonia? Mbili. Nilikuwa nimepata mia kwa mia.

"Na kuwa mwanamume pia," aliongeza. "Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, lakini mapafu ya wanaume mara nyingi huharibika haraka zaidi."

"Hiyo, daktari, sijui kama nitaweza kuacha."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka akanitazama. "Hayo mengine je, utayaacha?"

Nilimwambia habari ya maziwa, nikitumaini angalau hapo nitasifiwa. Aliniuliza taratibu kama nakumbuka maziwa huingilia wapi. Nikaona aibu mbele ya bayolojia yangu yote. Tena akasema kwamba kwa mtu ambaye bomba lake la chakula limelegea kama langu, kushiba maziwa kisha kulala chali ni kualika tindikali ya tumbo ipande hadi kooni, na nyingine iteremke kifuani usiku bila mimi kujua. Madaktari wanashuku hiyo nayo inayachokoza mapafu yaliyokwisha kuumia. Kwa hiyo dawa yangu ya kifua, niliyoinywa kwa uaminifu kuliko sala, ilikuwa inaweza kuwa upande wa adui.

Niliacha kazi wiki hiyo. Sigara niliiacha kwa shida zaidi, msiamini mtu anayesema ni rahisi. Nafula alinunua jiko la gesi, akalitazama mwezi mzima kama bomu kabla ya kuliwasha. Nilipewa vidonge vya kutuliza hiyo kinga yenye wazimu, na chanjo, na amri ya kutokula karibu na wakati wa kulala. Daktari alisema pia kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Watu wengine hutumia matofali. Mimi nilikwenda Satellite kwa Luvai.

Hakuniambia, "Si nilikwambia." Alinitazama nikipumua mlangoni, akachagua mabaki mawili ya granaiti nyeusi nzuri, akafungua maji, akayakata sawa sawa na kuyachongea vishimo vya kukaa miguu ya kitanda. Tumbo lake lilikuwepo, kama alivyopanga.

"Muuza Samaki," nilimwambia, "vidole vyangu havikuweza yale maji."

"Ungesema," alijibu. "Maji yanawekwa juani asubuhi yapate joto. Ndani unavaa glavu za sufi, juu za mpira. Ulidhani mimi mikono yangu ni ya chuma? Ulikuja kuniuliza kama kuna omena, hukuniuliza hilo."

Sasa sikilizeni habari ya ile mashine. Mnadhani kupuliza ni kazi rahisi kwa sababu mnapuliza chai. Unabanwa pua, unaziba kijibomba kwa midomo, na mdomo wangu umeshakaza kidogo, kisha kijana mmoja wa maabara anakupigia kelele kama shabiki nyuma ya goli, "Toa! Toa! Toa yote! Bado iko, baba, bado iko!" Halafu kuna kipimo cha kutembea. Wanaweka koni mbili kwenye korido, unakwenda na kurudi, kifaa kimebana kidole. Mimi, niliyetembea kutoka Kabiria hadi katikati ya jiji kwa sababu tu asubuhi ilikuwa nzuri, napimwa kwa kuzunguka korido moja kama mbuzi aliyefungwa.

Siku hizi nikiweza bado nashuka mjini. Naenda kuyaona mawe yangu. Kuna kaunta ya hoteli moja katikati ya jiji niliyoikata mimi, na kona yake ya mviringo hamtapata mtu wa kuitengeneza tena. Niliingia siku moja nikaipapasa. Mlinzi alikuja mbio.

"Mzee, unasaidiwa?"

"Hii kaunta niliikata mimi."

"Sawa. Sasa unaikagua ama unanunua chai?"

Nikatoka. Nikakaa nje kwenye ukingo wa maua kutafuta pumzi, na nikawaza kwamba ile kona bado inang'aa na mimi ndiye niliyechakaa. Jiwe lilinikata kuliko nilivyolikata.

Ilikuwa wiki moja kabla ya kipimo, na nilikuwa naogopa, nisiwafiche. Usiku nilijipima kwa kuhesabu nambari kwa pumzi moja, Nafula akinipiga kiwiko nilale. Ndipo Mama Shiko akapiga simu.

"Makokha, sasa? Bado unaringa na ugonjwa wa kizungu?"

"Bado, Mama Shiko."

"Kuna kazi Karen. Kisiwa cha jikoni, jiwe jeupe limetoka ng'ambo, kona zake ni zile zako za mviringo. Hawa vijana watalivunja na nitazikwa nalo. Kuja ukate kona moja tu. Moja!"

Kona moja. Mikono iliniwasha. Hakuna anayeacha kazi aliyoijua vizuri bila mikono kuendelea kuiota. Nilijiambia nakwenda kuweka alama za penseli tu, nikaenda.

Kabla ya kufika langoni nilisikia diski ikipiga yowe. Wingu lilikuwa limesimama juu ya ukuta. Nilibaki ng'ambo ya barabara, upande unakotoka upepo, nikapaza sauti kadiri nilivyoweza. Vijana wakatoka, weupe hadi kope.

"Niaje, mzae! Ingia basi!"

"Fungueni maji kwanza."

"Maji?" mmoja aliangua kicheko. "Hii ni workshop ama ni karwosh?"

"Mzae anataka tumuoshee gari yenye hana!"

Walicheka vizuri. Niliwatambua, walikuwa mimi, na walikuwa na pumzi ya kuchekea. Mmoja alishika pakiti ya maziwa.

Mama Shiko akatoka nyuma yao. Ofisi yake iko pale pale uani, dirisha linatazama meza ya kukatia. Amekaa hapo miaka yote hiyo, na jiko la makaa chini ya meza, kwa sababu ya baridi, mlango ukiwa umerudishwa. Alikuwa na kofia yake na glavu za sufi mikononi, na kulikuwa na jua.

"Atĩrĩrĩ, umekuja kufanya kazi ama kuhubiri barabarani? Wewe ndiye ulifunga hayo maji, Makokha! Ulisema ni baridi. Leo unataka kuyafungulia watu wangu?"

Alivua glavu ya kulia ili aninyooshee kidole, maana Mama Shiko hawezi kugomba na mkono uliovikwa. Kidole kikanyooka juu ya barabara, kikinilenga kifua. Kilikuwa cheupe pe hadi kiungo cha pili. Na cha pembeni yake pia.

Nilikitazama tu. Naye akafuata macho yangu, akakiona, akakikunja haraka na kuirudisha glavu. Alitaka kuendelea kunitukana, lakini badala ya tusi kikatoka kikohozi, kikavu, kirefu, kile ninachokijua kama sauti ya ndugu yangu. Vijana waliacha kucheka.

Alipopata pumzi alivuka barabara, jambo ambalo hajawahi kumfanyia fundi yeyote, akasimama karibu nami akitazama upande mwingine.

"Hiyo kliniki yako," alisema chini chini. "Foleni yake huanza saa ngapi?"

"Kiungulia unacho?"

"Nimekuuliza foleni, sijakuuliza tumbo langu."

"Saa kumi na mbili asubuhi. Usije na maziwa."

Alikuja. Alivaa kitenge cha harusi na kofia ile ile, akawakalia watu wawili kwenye benchi. Niliingia kwanza. Kijana wa maabara alinipigia kelele, nami nikatoa kila kilichokuwemo, hata cha mwaka jana. Daktari alitazama nambari, akatazama ya zamani, akazungusha karatasi nione. Imesimama. Haikupanda, msinishangilie. Imesimama pale pale. Sijawahi kufurahia kutokwenda mahali namna hiyo.

Mama Shiko aliingia baada yangu, na korido nzima ikasikia.

"Toa yote, mama! Bado iko!"

"Usinipigie kelele, mimi si ng'ombe wa baba yako!"

Alikaa kwa daktari muda mrefu. Alipotoka alikuwa na karatasi za kwenda kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, na daktari amemwambia haijulikani bado, vidole vya baridi peke yake si hukumu, lakini vidole pamoja na kikohozi na pumzi hiyo havingojwi. Amemwambia pia atoke kwenye lile vumbi na lile jiko la makaa kuanzia leo. Tulitembea hadi langoni, polepole, wote wawili. Nilimngojea, naye akaningojea.

Nje ya lango alitoa simu.

"Nani huyo? Sikia. Huo mtungi wa Luvai bado uko nyuma ya choo? Uoshe. Weka maji juani." Alisikiliza. "Nimesema maji! Hakuna kukata kitu kavu hapo kwangu. Na maski nitakuja nazo, kila mtu yake, ya puani, si ya kidevuni." Akasikiliza tena, uso ukamvimba. "Ati nani ameanza mambo hayo? Mimi! Ni mimi ndiye nimeanza!"

Akakata simu akanitazama kwa ukali, kama anayengoja nimpinge. Sikumpinga. Makovu yangu yote hayakutosha kumfungulia mtu maji Kabiria. Vimetosha vidole vyake viwili. Nilimshika mkono tukavuka barabara, na mkono wake, hata ndani ya sufi, ulikuwa baridi.